Betri ya baiskeli ya umeme: ipime kabla hujatoa hela

Betri ya kwanza niliyonunua kubadilishia ile iliyochoka ilinizimikia kwenye mwinuko wa Kimara, Dar es Salaam, saa moja jioni, foleni imejaa Morogoro Road na mimi nasukuma baiskeli yenye kilo ishirini na kitu. Stika yake iliandikwa 36V 20Ah, yaani volti 36 na ampea-saa 20, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Kwa hesabu hiyo nilitakiwa niende kazini Magomeni, nirudi, na chaji ibaki ya kutosha kesho yake. Haikunifikisha nyumbani hata siku moja.

Niliinunua Kariakoo kwa laki tatu na nusu. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hii mpya kabisa, ndani seli orijino." Nikasoma stika, nikajaribu kama plagi inaingia, nikalipa.

Fundi wangu wa sola ndiye aliyeifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na seli 30, yaani vile vibetri vidogo vya mviringo vinavyounda betri kubwa, za rangi tatu tofauti: kijani, buluu, waridi. Zilikuwa zimeng'olewa kwenye betri za laptop zilizokwisha, zikaunganishwa kwa lehemu. Seli hizi hazitakiwi kuguswa na moto wa lehemu, kiwandani vibati vinavyoziunganisha huchomelewa kwa mashine inayogusa sehemu ndogo sana kwa muda mfupi sana. Upande wa chanya panatakiwa kuwa na kiduara cha karatasi ngumu, kwa sababu ganda zima la seli ni hasi na limekaribia chanya kwa umbali wa milimita chache tu. Kwenye seli kadhaa kiduara hicho hakikuwepo, na kibati kimoja kilishaanza kukata ile plastiki ya juu. Fundi akaniambia ninuse. Kulikuwa na harufu tamu, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Maana yake kuna seli inavuja.

Betri hiyo nilikuwa naichaji usiku, pembeni ya mlango, wanangu wamelala. Ndiyo sababu ninaandika haya.

Kabla hujaenda dukani, ijue baiskeli yako. Kama ni mtumba wa Kijapani, zile za Panasonic au Yamaha, betri yake ni ya volti 25 na pointi, seli saba kwa mfululizo, na mara nyingi baiskeli na betri huwasiliana. Ukiifunga betri nyingine ya volti zilezile inaweza kukataa kuwaka kabisa, kwa hiyo nenda na baiskeli yenyewe, usiende na picha. Kama ni baiskeli ya kawaida iliyofungwa mota, mara nyingi utakutana na volti 36 au 48. Soma pia kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota, imeandikwa ampea ngapi. Bodi ya ulinzi ndani ya betri, ambayo mafundi huiita BMS, iwe na uwezo wa ampea hizo au zaidi. Ikiwa ndogo, betri itakata umeme kila ukipanda kilima.

Halafu chaja. Hapa watu wengi wanaumia. Betri ya lithiamu ya volti 36 yenye seli kumi kwa mfululizo hujaa kwenye volti 42. Betri tatu za asidi za volti 12 nazo zinaitwa "36", lakini chaja yake inaweza kupanda mpaka volti 44. Plagi zinafanana. Ukichomeka chaja ya asidi kwenye lithiamu unaijaza kupita kiasi, na kilichobaki kukulinda ni ile bodi tu, kama ipo na kama ni nzima. Ile ya volti 48 yenye seli 13 hujaa kwenye 54.6. Geuza chaja, soma namba yake ya kutoa. Isipolingana na betri, iache.

Sasa dukani. Mimi naenda na vitu viwili, mita ya fundi ya kupimia volti na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari. Mizani ndiyo inayowashangaza wauzaji, na ndiyo ninayoiamini kuliko stika. Seli ya aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na hata zile nzuri kabisa zinaishia kwenye Ah 3.5 hivi. Basi piga hesabu. Ili upate 36V 20Ah unahitaji seli zisizopungua 60. Hizo peke yake zinakaribia kilo tatu, bado hujaweka kasha, nyaya na bodi. Betri yangu ile ilikuwa na kilo mbili na gramu mia moja. Ningeipima siku ile ningejua palepale.

Mita nayo. Betri mpya ya volti 36 iliyokaa dukani kwa kawaida inasoma kati ya 35 na 39. Ikisoma chini ya 30, irudishe mezani, hata muuzaji akikwambia "ichaji tu itaamka". Seli ya lithiamu iliyokaa muda mrefu bila chaji huharibika kwa ndani, shaba inayeyuka na kujenga njia ya shoti, na hatari inakuja pale unapoichaji. Hakikisha pia chanya ni chanya kweli kwenye plagi, usiamini rangi za waya. Itikise karibu na sikio, usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Inuse. Angalia skrubu kama zimeshafunguliwa.

Kisha omba kuiendesha. Duka lenye betri ya kweli halikatai. Soma volti betri ikiwa imetulia, panda mahali penye mwinuko ukiwa umekandamiza mota, na mtu aangalie namba. Kushuka volti mbili hivi ni kawaida. Ikitoka 40 ikaanguka 33, seli zimechoka au ni chache.

Kuna wanaoniuliza kama ndugu yao wa Dubai au Guangzhou anaweza kuwaletea betri kwenye begi. Hapana. Kwenye ndege za abiria kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na hadi 160 kwa ruhusa ya shirika. Zidisha volti kwa Ah: betri ya 36V 10Ah ina wati-saa 360. Usimtie ndugu yako matatani.

Ukifika nyumbani kazi haijaisha. Mara ya kwanza ichaji mchana, nje kwenye kivuli au kibarazani juu ya sakafu ya saruji, wewe ukiwa hapo. Usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka barabarani, iache ipoe kwanza. Kila nusu saa iguse kwa kiganja pande zote. Joto kidogo linalolingana si tatizo, lakini kona moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, chomoa. Na hesabu saa. Chaja ya ampea 2 ikianza na betri iliyokwisha, kwa 20Ah inahitaji saa kumi na zaidi. Yangu ilijaa kabla saa tatu hazijafika, nikafurahi kwamba inajaa haraka. Ilikuwa na Ah tano tu. Ikijaa, chomoa, pima, iache ilale nje ya chumba, pima tena asubuhi. Ikitoka 42 ikasoma 41.7 ni sawa. Ikishuka chini ya 41 bila kutumika, irudishe dukani.

Mwaka 2023 moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 jijini New York, na jiji likapiga marufuku kuuza baiskeli za umeme na betri zisizothibitishwa kwa viwango vya usalama vya Marekani vya UL 2849 na UL 2271. Ukiona alama hizo ni jambo jema, ila stika inachapwa popote, kwa hiyo bado pima. Usichaji kwenye njia ya kutokea. Usichaji betri iliyoingia maji ya mafuriko, hata ikikauka. Ikianza kutoa moshi au sauti ya "ssss", toa watu, funga mlango, piga 114, namba ya zimamoto ya Tanzania. Usiibebe.

Ninayotumia sasa ni ya 36V 13Ah, kilo mbili na gramu mia nane, inachukua saa saba kasoro kujaa na inanifikisha Kimara. Ile ya zamani nimeziba ncha zake kwa utepe, iko ndani ya ndoo ya mchanga mkavu nyuma ya nyumba, nasubiri fundi aipeleke wanakopokea betri chakavu. Dogo mmoja anayeokota vyuma ameshakuja mara mbili kuiulizia, nyundo mkononi. Sikumpa.