Dereva mgeni Marekani, usiogope dakika 30, ogopa saa 14

Kila aliyenifundisha lori hapa Marekani alinisisitizia dakika 30 tu, ukishaendesha masaa 8 lazima usimame nusu saa. Hiyo wala haisumbui jamani, tangu 2020 hata ukiwa unajaza mafuta au unapakiwa mzigo inahesabika, ilimradi huendeshi na ziwe 30 mfululizo, sio 28 halafu unasogeza trela umpishe mwenzio. Kinachomaliza watu ni saa 14.

Iko hivi, ukishapumzika masaa 10 ukaanza kazi unapewa masaa 14, na ndani yake unaendesha 11 tu. Na yanakimbia hayo, uwe unakula, uko foleni, au umekaa unamtazama jamaa wa foklifti anacheka na simu yake.

Mwezi wangu wa pili nilianza saa 12 asubuhi, saa 2 niko ghalani, wakanikalisha mpaka saa 7 mchana. Masaa matano! Na muda wote tableti inayorekodi masaa yangu nimeiacha inasoma niko kazini, maana nilijua ndo uaminifu. Nikatoka pale bado nina masaa 9 ya kuendesha lakini siku yangu inakufa saa 2 usiku. Saa 1 na nusu niko barabara kuu ya I-80, Pennsylvania, natafuta pa kulala, kituo cha kwanza kimejaa, cha pili kimejaa, watu wamepaki mpaka njia ya kutokea. Nikaishia pembeni ya barabara ya kuchepukia, kila lori likipita kebini inatikisika, usingizi hakuna.

Kumbe kuna kugawa mapumziko. Yale masaa 10 unayafanya mafungu mawili, moja lisipungue 7 ukiwa kwenye kitanda cha lori, lingine lisipungue 2, jumla yafike 10, na mafungu hayo yakikamilika hakuna linalokula zile 14. Yaani pale ghalani ningebonyeza slipa (niko kitandani) kwenye tableti nikajilaza, siku yangu ingesogea mpaka saa 7 usiku, kisha nalala masaa 7 basi. Ila ubonyeze kama kweli wamekuachia upumzike, ukiwa unasaidia kushusha hiyo ni kazi, usiidanganye tableti.

Na masaa yakikuishia hapo hapo kwa mteja halafu wanakufukuza getini, unaruhusiwa kusogea mpaka sehemu salama ya karibu ukalale, ndo ile wanaita PC (kutumia lori kwa safari yako binafsi), andika sababu kwenye logi ya masaa yako. Kampuni nyingine hawaitaki kabisa, uliza kabla hujakwama.

Wale mliotoka kwenye malori ya Dar–Tunduma kama mimi hizi saa mtaziona utoto, kule ukichoka utingo anakupigisha stori mnasonga. Huku utingo hakuna, na usiku hata mimi nilianza kumkumbuka.

Sasa disipacha, yule wa kampuni anayekupangia mizigo. Wangu wa kwanza alikuwa anapiga, "sogea tu kidogo, maili 40 hizo." Sheria inakataza kampuni kukulazimisha upite masaa yako, na wakikulazimisha una siku 90 za kupeleka malalamiko FMCSA (wakala wa serikali wa usalama wa malori), lakini utapeleka nini kama ushahidi wako ni simu? Siku hizi disipacha akianza hayo namjibu sawa boss, niandikie meseji nisisahau. Huwa haandiki.