Jibu: Rafiki wa Tukuyu (Mbeya) anisaidieje kufuatilia urithi wa kuku kishingo, yaani kuku wasio na manyoya shingoni?

Mkuu, ulichouliza kinawezekana, ila mwambie rafiki yako aanze na jogoo. Kuku jike hutunza mbegu za jogoo wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo jogoo wa zamani aondolewe wiki tatu kabla ya kukusanya mayai. Hapa ndipo wengi huharibu: jogoo wa jirani akiruka uzio mara moja tu, hesabu yote imekufa.

Shingo wazi huonekana siku kifaranga anapoanguliwa, siku ya 21. Atazame mbele ya shingo: mwenye kishungi cha manyoya amerithi kwa mzazi mmoja, asiye nacho kwa kawaida amerithi kwa wazazi wote wawili. Mwenye kishungi akipandishwa na kuku wa kawaida, takriban nusu ya vifaranga huwa shingo wazi na nusu wa kawaida, lakini vifaranga kumi hawatoshi kuamua. Avipashe joto, baridi ya Juni na Julai huko ni kali.

Tabia ya kuatamia ni ngumu zaidi, na ndiyo tamu. Mayai ya koo mwatamiaji yaanguliwe na koo mwingine, ili urithi usichanganywe na malezi, kisha aandike tarehe binti wa koo aliyetaga wanapoanza kulala kiotani usiku na kudonoa mkono.