Picha za wachupaji wa Forodhani: sogea karibu, usibonyeze mapema

Jioni maji yakijaa, vijana wa Mji Mkongwe hupanga foleni kwenye ukuta wa Forodhani, Zanzibar, na kuchupa baharini. Huyu kajikunja kama mpira, yule kapiga sarakasi ya nyuma. Maji yakitoka hakuna mchezo, kwa hiyo mimi huanza na mwezi kabla ya kamera: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa kati ya saa 10 na 11 jioni, jua likiwa bado zuri. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50.

Mwanzoni nilisimama mbali nikiwa na lenzi ya kuvuta, ya milimita 70-200. Nilipata miili midogo juu ya bahari pana, picha safi zisizo na uhai. Nilipochuchumaa ukingoni na lenzi pana ya milimita 24, hatua mbili tu kutoka wanapokanyagia, ndipo nyayo, matone na nyuso za wenzao wanaoshangilia vikaingia katika picha moja.

Ukaribu una gharama yake. Anayeanguka mita 3 hufika majini kwa kasi ya karibu mita 8 kwa sekunde. Kwa shata (muda kamera inapokaa wazi) ya sekunde 1/500 anakuwa amesogea sentimita moja na nusu kabla picha haijafungwa, na vidole vinapotea. Natumia 1/2000 na kuiacha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipande. Chembechembe zinazokuja nayo nazivumilia, ukungu wa mwendo siuvumilii.

Kamera yangu hupiga fremu, yaani picha, 20 kwa sekunde, na kasi hiyo iliniponza. Siku moja yule hodari wao alitimka, nikabonyeza tangu hatua yake ya kwanza. Alipofika hewani na kujipinda mara mbili, kumbukumbu ya muda ya kamera ilikuwa imejaa, inahamishia picha kwenye kadi. Sikupata hata moja. Tangu hapo nasubiri mguu wa mwisho ukanyage ukingo. Kuanguka mita 3 huchukua takriban sekunde 0.8, yaani fremu 16, na picha ninayoitaka karibu kila mara iko kileleni, pale mwili unapotulia kabla ya kushuka.

(Shata ya kimya, ile ya kielektroniki, niliiacha. Kwenye kamera nyingi hupinda mikono na miguu ya anayekwenda kasi.)

Jua hapo huzama baharini, mbele yako. Ukilikabili, wachupaji wanatoka weusi kama vivuli. Mimi hukaa ubavuni, mwanga upite mbavuni mwao na kuwasha matone.

Lakini anza na salamu. Omba ruhusa, waonyeshe picha, watumie kwenye simu. Wakikuzoea watakwambia wenyewe, "Kaka, hii naipiga ya nyuma," nawe utajua pa kulenga. Na usimwombe mtu arudie. Siku kijana aliponiambia maji yameanza kutoka, nilifunga kamera mkobani hapo hapo, ingawa mwanga ulikuwa ndio kwanza unageuka dhahabu.