Jibu: Watoto wanacheka picha, hadithi haisongi
Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje chekechea wakiangua kicheko kwa picha ya twiga ndani ya daladala hadi hadithi inakatika. Waache wacheke kwanza! Kisha funika maandishi kwa kiganja, uulize: "Konda anamwambia nini?" Hapo hata yule mkimya wa nyuma atasema, "Shuka, shingo imezidi!" Andika maneno yake ubaoni, myasome pamoja, neno alilolitoa mwenyewe mtoto halisahau upesi. Halafu washike shingo zao, uwaambie ya twiga ina mifupa 7, sawa na yao. Watabisha sana, na maswali yatamiminika. Usikimbilie ukurasa unaofuata, picha moja yatosha kipindi kizima. Vitabu vingine jaribu Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam.