Mwanangu, umeniuliza kama ningejua

Mwanangu, voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ile uliyotuma baada ya kuangalia habari za yule Dennis Rader wa Kansas kule Marekani, ukaniuliza hivi mama, kweli mke anaweza kulala na muuaji kitanda kimoja miaka yote ile asijue, na wewe ungejua kama ingekuwa baba? Sikutaka kukujibu kwa sauti maana baba yako masikio yake bado makali, ndo maana nakuandikia.

Na mimi nimemsoma huyo mtu. Alioa 1971. Januari 1974 akaingia nyumba ya watu pale Wichita akaua baba, mama na watoto wao wawili, halafu akarudi kwake. Mpaka 1991 alishaua watu 10, na katikati hapo amezaa watoto wawili, ameajiriwa kampuni ya kufunga alamu, yaani watu wanafunga alamu majumbani kwa kumwogopa yeye na anayekuja na bisibisi kuzifunga anaweza kuwa yeye. Kanisani akawa mwenyekiti wa baraza. Kilichomkamatisha Februari 2005 ni flopi, zile diski za kompyuta za zamani, aliyoituma kituo cha televisheni, polisi wakakuta ndani kuna faili lililofutwa, lina jina la kanisa lake na neno Dennis. Walimkamata barabarani anarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Hapo kwenye chakula cha mchana ndo nilikwama. Mke wake mahakama ilimpa talaka Julai mwaka ule ule bila kumsubirisha siku 60 za sheria yao, lakini mpaka leo kuna watu wanasema alijua tu yule. Mimi siwezi kusema hivyo, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu.

Ulikuwa na miaka minne, tunakaa Tabata, vile vyumba viwili vya uani. Binti wa nyumba ya tatu, miaka 16, akapotea Alhamisi jioni. Usiku huo huo baba yako akarudi saa kumi alfajiri, hakuwasha taa, nikasikia maji yanatiririka uani, nikachungulia, anafua shati. Baba yako! Toka anioe hajawahi kufua hata leso. Kulipoanza kupambazuka nikalikuta kwenye kamba, kola na mkono mmoja vina rangi ya kahawia, nikalitoa nikalifua tena kwa jiki kabla wapangaji wenzangu hawajaamka, na sikuwa hata nimejua bado kuna binti amepotea. Nililifua tu.

Asubuhi ndo nikasikia, mtaa mzima unamtafuta, wengine washaanza kusema ameuawa ametupwa bondeni. Basi nikawa namtazama baba yako. Akinyamaza nasema anawaza alichofanya, akicheka nasema anaficha. Akikubeba mgongoni nakuita njoo nikuogeshe, kumbe umeshaoga.

Siku ya nne mjumbe akaja na askari wawili wanapita nyumba kwa nyumba. Mume wako Alhamisi usiku alikuwa wapi? Nikajibu alikuwa amelala humu ndani, ana homa. Hiyo homa niliiongeza mwenyewe, hakuna aliyeniuliza.

Binti alipatikana baada ya siku tisa, yuko kwa shangazi yake Morogoro, amekimbia mapigo ya baba wa kambo. Nililia mpaka watu wakanishangaa. Lakini damu je, ilikuwa ya nani? Sikuuliza. Kila wazo likikaribia kufika mwisho nalikata, nanyanyuka naenda kuchambua mchele.

Miezi mitatu baadaye akaja kijana ana kovu kubwa kichwani, ameshika jogoo. Usiku ule walimwitia mwizi, wakampiga mawe, tairi lilishaletwa, baba yako akamng'ang'ania akamtoa pale akampakia kwenye mkokoteni. Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na baba yako polisi hakutaka kwenda maana wangemuuliza majina, na waliokuwa na mawe mikononi ni watu tunaochota nao maji bomba moja. Akamlaza kwenye benchi mlangoni, akasimama nje mpaka alipoona manesi wamemwingiza, ndo akarudi. Mimi hakuniambia ili nikiulizwa nisiwe na la kusema.

Sasa unaniuliza ningejua. Mwanangu, nimelala miezi mitatu na mtu aliyeokoa roho ya mwenzake, najua ile damu ni ya mtu, na nikaifua, na nikamdanganyia askari. Angekuwa ameua kweli ningefua vile vile, na homa ningeitaja ile ile. Siwezi kukwambia kwamba nilijua, na siwezi kukwambia kwamba sikujua, na yule mama wa Kansas sijui moyoni mwake kulikuwa na nini ila nikisikia watu wanamcheka moyo unaniuma.

Siku ile jogoo alipoletwa, usiku baba yako akaniuliza, kumbe shati uliliona? Nikamwambia niliona. Mbona hukuniuliza? Nikamwambia, nilikuwa nakuamini. Akanishika mkono akakaa kimya muda mrefu. Toka hapo kila akitaka kunisifia mbele za watu anasema mke wangu hajawahi kunishuku hata siku moja, hata kwenye harusi yako alisema kwenye maiki, na ulikuja kunikumbatia ukidhani nimeinamisha uso kwa sababu naona aibu kusifiwa.