Dada Umeniuliza Natoa Wapi Nguvu, Haya Kaa Hapo Nikuambie

Juzi tarehe 14, ile jioni Nairobi yote huwa inangoja kusikia kama mafuta yamepanda ama yameshuka, nikapata meseji ya dada mmoja. "Dada, nimefutwa kazi, rent iko nyuma miezi miwili, na wewe kila wiki unatuambia tusikate tamaa. Unatoa wapi hiyo nguvu?" Ilinikuta ndio nimevua viatu, nimetoka kugombana na makanga juu ya bob kumi, na jibu la kwanza lililonijia ni kwamba mimi sina nguvu yoyote, niulize kesho. Halafu nikakumbuka wiki mbili zilizopita nimemaliza kulipa deni langu la mwisho la mikopo ya simu, na hiyo siku nilicheka peke yangu kwa matatu hadi mzee aliyekaa kando yangu akasonga. Kwa hivyo wacha niseme yote, hata zile sehemu nilikuwa nimewaficha.

Nilikuwa risepsheni ya hoteli moja huku Westlands, miaka sita. Julai 2023 ndio ule ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulianza kukatwa kwa payslipu, VAT ya mafuta nayo ikatoka 8 hadi 16, tukawa tunakutana pale nyuma ya jikoni tunalia ati mshahara umekonda. Hatukujua tulikuwa tunalia tumeshiba. Agosti meneja akaniita, tukaongea dakika saba nikapewa barua. Hata chai hakunipa, na mimi ndiye nilikuwa naitisha chai yake kila asubuhi miaka sita. Hiyo bado inaniuma kuliko barua yenyewe, sijui kwa nini. Mwezi uliofuata petroli ikavuka 200 Nairobi kwa mara ya kwanza, ikagonga 211, Oktoba ikawa 217, na mimi naishi Roysambu kwa nyumba ya 14,000 na kijana wa darasa la tatu.

Sasa hapa ndipo nilikosea, na sikukosea kidogo. Sikuambia mtu.

Tuko na chama, wanawake kumi na wawili, kila mtu 3,000 kwa mwezi, Jumapili ya kwanza tunakutana na mmoja anapokea 36,000 zake. Na mweka hazina ni nani? Ni mimi. Mweka hazina atasimamaje aseme hana? Nikakopa kwa apu moja ya simu nikalipa chama. Mwezi wa pili nikakopa kwa apu nyingine nikalipa ile ya kwanza na chama. Zamu yangu ya kupokea ikafika Novemba, 36,000 ikaingia saa kumi jioni, kufika saa mbili usiku ilikuwa imeisha yote, rent na madeni, hata sukari sikununua. Na asubuhi nikapaka lipstiki nikatoka nyumba saa kumi na mbili unusu kama mtu wa kazi, nikaenda kukaa bustani ya Jeevanjee. Ukikaa pale kwa mabenchi siku tatu utaanza kuwajua wenzako, utawajua kwa viatu, vimepigwa rangi vizuri lakini vinatembea pole pole.

Watu hupenda kunisikia nikisema kwamba nilijipa moyo nikaungama. Wapi. Nilishikwa. Desemba wale wa apu wakaanza kupigia watu walio kwa simu yangu, na mmoja wao akampigia mwenyekiti wa chama, akamuuliza kama ananijua na kama anajua mimi ni mwizi. Mkutano wa Januari mwenyekiti akaweka simu mezani akasema, mweka hazina, tuambie. Nikaongea nikiangalia kapeti. Mmoja akacheka, akasema, "Kumbe ile lipstiki ilikuwa ya mkopo." Sijamsahau, najua unasoma hapa, salamu sana.

Lakini kuna mama mwingine, mkubwa wetu, anauza mitumba soko la Gikomba tangu mimi niko shule ya msingi. Kwa mkutano hakufungua mdomo. Tukishuka ngazi akanishika mkono akaniuliza, "Wewe mtoto, unalipa nyumba pesa ngapi?" Nikamwambia. "Hama." Basi. Nilikasirika wiki nzima, nikaona ni dharau, nilikuwa nataka anionee huruma. Wiki ya pili nikahama. Githurai 44, chumba kimoja, 5,500, choo tunatumia milango minane. Kijana aliingia akazunguka na macho akaniuliza, "Mathe, mlango wa ile rumu ingine uko wapi?" Nikamwambia hii nyumba ni ya kulala karibu karibu.

Kwa hivyo dada, kama uko nyuma miezi miwili, hama sasa, usingoje keateka, yule msimamizi wa ploti, aweke kufuli. Najua utasema watu wataonaje. Wacha waone! Ile 8,500 niliyookoa kila mwezi ndio ilikuja kuninyanyua, si maombi peke yake, ingawa niliomba pia. Na usilipe mkopo na mkopo. Nimesema, usilipe mkopo na mkopo. Mimi nilifuta apu zote, nikabaki na deni tu, nikaanza na lile dogo kabisa la 1,800.

Yule mama akanipeleka Gikomba kununua belo la nguo za watoto, nusu yangu nusu yake, 8,000 kila mtu, hiyo pesa nikiwa nimeuza friji na meza ya tivii. Saa kumi na mbili asubuhi tukakata kamba. Unajua mtu hufungua belo akiomba akute kamera, zile nguo safi kabisa za kuchaguliwa kwanza. Sisi tulikuta majaketi. Majaketi ya theluji, manene, na manyoya kwa kofia, Januari, hilo jua la Nairobi linachoma hadi lami inanata. Nililia pale pale watu wakipita na mikokoteni. Mama akaketi juu ya belo, akatoa mandazi kwa mfuko, akala moja akamaliza, akasema, "Nairobi iko na Julai."

Nilihesabu jaketi zangu zikawa 61, nikaziweka chini ya kitanda.

Februari hadi Mei sina mengi, nilifua nguo za watu Mirema na Kasarani, tulikula, hatukufa. Ile mvua ya Aprili ilipoleta mafuriko kila mahali mimi usiku sikuwa naogopa kufa, nilikuwa naogopa jaketi zilowe, nikazipandisha juu ya kitanda sisi tukalala chini. Jirani akasema nimerukwa na akili. Halafu Juni baridi ikashuka, ile ya asubuhi unaona mvuke wa mdomo wako mwenyewe, nikatandika gunia kando ya barabara jioni, 250, 300, wazazi wakitoka kazini wanasimama bila hata kuitwa. Jaketi kumi siku moja! Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, nilifunga zilizobaki kwa shuka nikaweka kichwani nikakimbia na teagesi nyuma yangu, na usiku huo Githurai hakuna mtu alilala. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Mimi nilirudi na gunia langu keshokutwa yake. Niliuza 58. Tatu nilibakisha, moja kijana anavaa mpaka sai ingawa mikono imekuwa mifupi.

Nikiwa hoteli kulikuwa na wale wasemaji wa kutia watu moyo, walikuwa wanakodi ukumbi, watu wanalipa kuambiwa waamke saa kumi usiku waandike ndoto zao. Mimi ndiye nilikuwa nawaandikia risiti. Hakuna hata mmoja nilisikia akisema hama nyumba. Hakuna alisema ambia watu umeanguka. Na nyinyi mnaosoma hapa mnajificha hivyo hivyo, mnaweka picha za sherehe na jikoni kuna maji ya ugali peke yake, acheni! Mbona unamficha dada yako wa tumbo moja? Mimi siku nilisema ukweli ndio siku nilipata mtu wa kununua belo na mimi. Kama ningesema Agosti, labda nisingeuza friji. Ambia mtu. Mmoja tu, na usimchague yule wa kucheka.

Kitu kingine ni hii kadogo, kununua vitu kidogo kidogo. Mafuta ya kupika ya kupima ya bob ishirini yanaonekana rahisi lakini ukihesabu unalipa zaidi ya mwenye kununua mtungi. Sisi ploti yetu tuko wanawake watatu, tunachanga tunanunua mtungi wa lita 20 na viazi Marikiti tunagawana kwa kopo, mbele ya kila mtu, juu tulishagombana mara moja na hatutaki tena. Hiyo nayo ilianza vile nilimwambia jirani sina mafuta.

Chama niko bado. Uweka hazina walininyang'anya na sijarudishiwa, na hapo nitasema ukweli, wana haki lakini inaniuma. Kila Jumapili ya kwanza naona yule mpya akihesabu pesa pole pole na kulamba kidole na najua mimi ningemaliza nusu ya muda huo.

Sasa dada wa meseji, nimesoma tena ulichoandika na sijaona mahali umesema nani mwingine anajua. Nijibu hiyo kwanza, mambo ya rent tutaongea baadaye. Tokeni yangu ya stima inasoma uniti mbili na kesho tunakata kamba Gikomba saa kumi na mbili, mama amesema safari hii ni sketi za shule, lakini hata hiyo nyingine alikuwa amesema ni fulana.