Jibu: Nyanya ikikaangwa faida yake inaisha?

Dada, umeuliza kama nyanya ikikaangwa faida yake yote inaisha, na kama ununue vidonge vya virutubisho badala yake. Haiishi. Ile rangi nyekundu ni likopeni, na moto unaisaidia: seli za nyanya zinapasuka, likopeni inatoka, na kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta, mwili unaifyonza vizuri kuliko ukila nyanya mbichi bila chochote. Angalia sufuria rojo likishaiva, yale mafuta yanayojitenga pembeni yana rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo yenyewe. Kinachopungua kwa moto ni vitamini C, basi weka kachumbari pembeni au kula pera, yatosha.

Kitunguu chekundu usikimenye kwa pupa. Kwerisetini, kiambata chake chenye faida, imejaa zaidi kwenye tabaka za nje, kwa hiyo toa ganda kavu tu. Mchicha na karoti navyo vinataka mafuta kidogo, maana vina beta-karotini, ile rangi ya machungwa ya karoti, nayo inayeyuka kwenye mafuta kama likopeni.

Vidonge hapana, nakusihi, hasa kama nyumbani kuna mvutaji. Finland walifanya utafiti kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliokuwa wakimeza vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Walitegemea ingewakinga! Ndiyo maana mimi nashikilia chakula chenyewe. Hiyo pesa nunua embe, mchicha na nyanya zilizoiva hadi ndani.